Tupeane uzoefu: mtoto wa kwanza, nani alikufundisha kumunyonyesha na kumulisha?

MamaGentille_Ndosho
Jambo bamama, na babaa pia juu najua muko humu munasoma kimya kimya. Jana nilienda kuona mdogo wangu kule Majengo, hapa Goma, amezala wiki tano sasa, mtoto wa kwanza. Nafika nakuta kikombe juu ya meza, maji na sukari, kijiko ndani. Ya nani? Ya mutoto. Nani alikuambia? Majirani. Sikusema kitu, nilikaa tu, juu nilijiona mimi mwenyewe miaka 11 nyuma na kikombe sawa na kile. Mimi hakuna mtu alinifundisha, kila mtu alinigombeza tu. Ku materinite, wodi ya kuzalia, walinipa karatasi yenye picha ya mama anacheka, halafu toka, kitanda inangojewa. Siku ya tatu chuchu zikapasuka, mtoto akishika mimi nauma kitenge. Kumbe nilikuwa namupa ncha tu! Mdomo ilipaswa ifunguke sana ibebe na ile nyeusi ya kuzunguka, kidevu kiguse titi. Hiyo nilikuja kuijua ku mtoto wa pili. Basi semeni, mulifundishwa na nani na uongo gani mulipewa?

Dada wa Himbi
Kuuma kitenge 😂😂 nilifikiri niko peke yangu.

Nabintu_Kadutu
Mimi ni mama mukwe. Maziwa ya kwanza ile ya manjano akasema ni uchafu umekaa tumboni miezi tisa, kamua utupe. Nikakamulia mu kitambaa siku mbili nzima mtoto anakunywa chai ya rangi, analia mpaka sauti inakauka. Siku ya tatu sajifamu (mkunga) mmoja wa jirani akaingia kutupongeza, akaona kitambaa, akauliza, akashika kichwa. Akasema mama, umetupa dawa yake ya kwanza, ile njo inamukinga, ilipaswa awekwe ku titi saa moja ya kwanza akishazaliwa. Nililia kuliko siku ya kuzala. Na mama mukwe hakuwa mubaya, alifanya vile alifanyiwa.

Papa wa Mapasa
Sisi babaa hakuna mtu anatufundisha, tunatumwa tu. Mimi nilitumwa kuku, nikatumwa karanga, nikatumwa kasiksi, ile pombe ya ndizi, juu eti inaleta maziwa. Kasiksi nililetaka kila jioni.

Muuguzi wa Santre
Papa, kasiksi haileti maziwa. Pombe ile mama anakunywa inapita mu maziwa inafikia mtoto. Kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya mara nyingi, mchana na usiku, mara 8 mpaka 12 kwa siku akiwa mchanga, na mama ale vizuri, anywe maji. Yeye mama anywe maji, si mtoto. Mpaka miezi 6, titi tupu.

Mzee Kijana
Titi tupu miezi 6 na jua hii? Tate yangu (bibi) alizala 12, bote alibapa maji, bako wazima.

Nabintu_Kadutu
Bote 12? Umuulize tate vizuri alizika bangapi.

Mzee Kijana
Usiingize tate yangu mu maneno yako.

Nabintu_Kadutu
Weye njo ulimuingiza.

Muuguzi wa Santre
Tulieni jamani. Maziwa ya mama karibu yote ni maji, mtoto akisikia kiu ananyonya. Ukimupa maji unajaza katumbo kadogo na kitu hakina chakula, ananyonya kidogo, na maziwa yako nayo inapungua. Na haya maji yetu tunayajua.

Furaha_Virunga
Hayo maneno ya maji imenikumbusha volkano ya Nyiragongo. Nilizala mwezi wa nne 2021. Nilirudi ku butike (duka) mapema, na mtu mmoja sitamusema aliniambia mtoto wa biberoni, chupa ya kunyonyea, njo ananenepa. Nikanunua maziwa ya unga, bwana yangu anafurahia mashavu, titi zikakauka zenyewe bila hata nijue ni lini. Halafu tarehe 22 mwezi wa tano, Jumamosi usiku, mbingu nyekundu, tukakimbilia Gisenyi, ng'ambo Rwanda, asubuhi tukarudi. Siku zile zote udongo unatetemeka, kuta zinapasuka. Tarehe 27 gavana anatangaza kartie (mitaa) 10 zitoke, na mji wote, hata wale hawakuitwa, ukamwagika mu njia ya Sake. Tulienda na miguu. Mtoto mgongoni, boksi moja ya maziwa, biberoni mbili, termosi moja. Termosi iliishia kabla ya Mugunga.

Sake tulilala mu shule, watu wamebanana kama sambaza, wale samaki wadogo, mu bakuli. Moto hakuna. Nikachanganya maziwa na maji ile ilipatikana, sikuuliza imetoka wapi. Na juu boksi ilikuwa inaisha nikawa naweka kijiko kimoja mahali pa bitatu, maziwa inakuwa kama maji ya kuoshea mchele. Siku ya pili tumbo ikafunguka. Ya tatu macho yameingia ndani, utosi umeshuka, na hakuwa analia tena. Ile kutolia njo iliniogopesha.

Pembeni yetu kulikuwa mama mzee mmoja wa Masisi. Alinipokonya biberoni akamwaga yote chini, nikataka kupigana naye, bwana yangu akanishika. Akanivuta mkono mpaka fasi (mahali) madaktari walikuwa wanagawa seromu ya kunywa, ile ya kurudisha maji ya mwili, tukakaa pale tunamupa na kijiko, kidogo kidogo, usiku mzima. Alipofungua macho vizuri yule mama akaniambia sasa tia ku titi. Nikamwambia haina kitu. Tia. Mama, haina kitu! Tia, titi ni kisima haiko mtungi, ukichota njo inakuja.

Nilimutia. Kila saa mbili, ngozi kwa ngozi, ananyonya bure anakasirika ananisukuma. Akishamaliza hasira binti ya yule mama, yeye alikuwa na mtoto wake wa miezi minne, anamunyonyesha kidogo, na ingine tunamupa na kikombe, maji imechemuka sasa, bijiko bitatu kama vile boksi inasema. Siku ya sita niliona tone moja tu ku chuchu. Nilipiga kelele watu wakafikiri volkano imerudi. Tuliporudi Goma mwezi wa sita alikuwa ananyonya, na wiki ingine mbili hivi boksi nikaweka pembeni. Alinyonya mpaka miaka miwili.

Dada wa Himbi
Nimesoma nimesimama.

Baba_Ibanda
Lakini mbona hukubeba maji ya kutosha?

MamaGentille_Ndosho
Weye ulikuwa wapi tarehe 27? Juu mwenye alikuwa mu ile njia hawezi uliza hivyo.

Baba_Ibanda
Nilikuwa Bukavu. Sawa, nimekosea.

Papa wa Mapasa
Nilikuwa mu ile njia. Nilibeba matela, godoro. Matela! Mke wangu bado ananichekaka.

Muuguzi wa Santre
Furaha, yule mama alijua kazi kuliko wengi wenye karatasi. Nisaidie tu kitu kimoja kwa wengine: kunyonyesha mtoto wa mwenzako siku hizi muanze kwa kupima virusi vya ukimwi. Na mama mwenye virusi akiwa anakunywa dawa zake vizuri bado ananyonyesha, asidanganywe. Na mwenye hawezi kabisa kunyonyesha, tumia kikombe kuliko biberoni, kikombe unakiosha mpaka ndani, tetina, ile chuchu ya biberoni, inaficha uchafu.

Siku_Bagira
Mumeongea titi tu, na bui, uji ya mtoto? Mimi wa kwanza nilijitahidi titi sana, kosa langu lilikuja nyuma. Nilipata mimba nikamuachisha, miezi 14, nikawa namupa bui ya muhogo na mchuzi ya sombe, majani ya muhogo, anakula anashiba. Akaanza kujaa, miguu, mashavu, tukasema ona vile ananenepa! Dada wa kanisa alifinya mguu na kidole, shimo likabaki pale pale. Bwaki, ule utapiamlo wa kuvimba. Santre ya afya wakampima na ule mkanda wa kupima unene wa mkono ukaonyesha manjano tu, si nyekundu, lakini walisema miguu ikivimba hivyo rangi ya mkanda haina maneno, anaingia matibabu. Alipona. Muhogo inajaza tumbo, haijengi mtoto.

Nabintu_Kadutu
Pole Siku. Masoso njo iliniokoa mimi, mahindi, soya, sorgo (mtama), unakaanga unasaga.

Dada wa Himbi
Hiyo Goma tunaita sosoma.

Nabintu_Kadutu
Mumegeuza jina tu juu munapenda kugeuza.

Dada wa Himbi
Nyie njo mulianzia nyuma 😂

Siku_Bagira
Iteni vile munataka. Mimi naongezamo unga ya sambaza. Unakausha, unasaga na kichwa na mifupa, kijiko kimoja mu bui, na mafuta ya mawese kidogo. Bui isiwe ya kunywa, ikae juu ya kijiko isimwagike.

Mzee Kijana
Yai je? Tate alisema mtoto akikula yai anachelewa kusema.

Muuguzi wa Santre
Ampe yai, imeiva vizuri. Akifika miezi 6 tu.

Papa wa Mapasa
Wangu walikula yai, sasa hawanyamazi. Naanza kuamini tate alikuwa na sababu.

Kapend_Lushi
Huku Lubumbashi ni bukari (ugali) tangu miezi tatu, mama anatafuna kwanza anamupa. Na kikohozi anapewa asali.

Muuguzi wa Santre
Kapend, zote tatu hapana. Miezi 3 ni mapema, kumutafunia ni kumupa na magonjwa ya mdomo wako, na asali mpaka atimize mwaka.

Kapend_Lushi
Nilisema vile wanafanyaka, sikusema ni mimi.

MamaGentille_Ndosho
Nimerudi Majengo leo. Nilikuwa nimepanga hotuba, nikaiacha. Nilimwambia tu mdogo wangu nyonyesha nikuangalie. Mtoto amelala chali anageuza shingo pekee, jaribu weye kumeza maji shingo imepinda hivyo. Tukamugeuza, tumbo kwa tumbo, nikasaidia kushika titi, akafungua mdomo akabeba fasi yote. Mdogo wangu akaniangalia, akasema yaya (dada), haiumi. Maji ya sukari nilikunywa mimi.

Dada wa Himbi
Furaha, yule mama wa Masisi ulimuonaka tena?

Furaha_Virunga
Hapana. Sikumuuliza hata jina. Binti yake niliwahi fikiri nimemuona ku Birere, nilikimbia nikamushika mkono, haikuwa yeye.

Papa wa Mapasa
Kwa hiyo kasiksi ni hapana kabisa?

Muuguzi wa Santre
Kabisa, papa.

Papa wa Mapasa
Sawa. Ilikuwaka inabaki, nilikuwa namalizia.