Gumzo la ukoo: bendera, kalamu na mifuko

Kaka Twaha: Leo Julai 20, siku Apollo 11 ilipotua Mwezini mwaka 1969, na ile picha ya bendera ya Marekani imeanza tena kuzunguka. "Mwezini hakuna upepo, mbona bendera inapepea?" Ami Fundi, uwanja wako.

Ami Fundi: Haipepei. Ukingo wa juu una fimbo ya mlalo iliyopitishwa kwenye upindo, kama pazia. Fimbo yenyewe ni ya vipande vinavyoingiana. Armstrong na Aldrin, wanaanga wawili waliotua, walishindwa kuivuta hadi mwisho, nailoni ikabaki na makunyanzi. Chukua picha mbili tofauti uzilinganishe: makunyanzi ni yale yale.

Dada Mwana: Na haikudumu. Juu ni vumbi laini, chini pagumu, mlingoti ukaingia kama shubiri tu. Walipowasha injini waondoke, Aldrin akaiona inaanguka. Waliofuata waliisimika mbali zaidi na chombo.

Shangazi: Yaani safari yote ile, halafu wanaiangusha kwa moshi wao wenyewe 🤣

Ami Fundi: Shukuru walipata huo moshi, dada. Swichi ya kuruhusu umeme uende kwenye injini ya kupaa ilikuwa imevunjika kichwa, wakakiokota sakafuni. Mle ndani ni pembamba, na mtu kabeba mzigo wa hewa mgongoni, kugeuka tu unapiga kitu.

Kaka Twaha: Si wangeisukuma kwa bisibisi?

Ami Fundi: Chuma kwenye tundu la umeme? Hata kidole hakifai. Aldrin alitumia kalamu ya wino yenye ncha laini ya nyuzi, isiyo ya chuma. Ikasukuma, ikashika. Bilioni ngapi za dola, kumbe tegemeo ni kalamu.

Babu: Ilikuwa saa ngapi huku kwetu?

Dada Mwana: Shikamoo Babu. Kutua, saa tano na dakika 17 usiku. Armstrong alikanyaga saa kumi na mbili kasoro dakika nne alfajiri, tarehe 21. Mwezi ulikuwa mchanga bado, wa siku sita hivi, kwa hiyo alfajiri ile ulishatua zamani. Aliyetoka nje kuutazama hakuuona.

Babu: Marahaba.

Shangazi: Mie swali langu ni lile lile la kila mwaka. Choo je?

Kaka Twaha: 😂😂 Shangazi!

Ami Fundi: Hakukuwa na choo, ni mfuko. Mdomo wake una gundi, unaubandika makalioni. Shida ni kwamba safarini kila kitu kinaelea, hakuna kinachoanguka, kwa hiyo mfuko una pahala pa kuingiza kidole ili usukume mwenyewe. Ukimaliza, karatasi za kujifutia humo humo, unapasua kifuko cha dawa ya vijidudu, unafunga, kisha unakanda.

Shangazi: UNAKANDA?

Ami Fundi: Mpaka dawa ichanganyike vizuri. Ukifanya uvivu, vijidudu vinaendelea kutoa gesi na mfuko unapasuka. Shughuli nzima ni kama dakika 45.

Dada Mwana: Na gundi isiposhika ndiyo yale ya Apollo 10, Mei 1969. Mazungumzo ya wanaanga wake yalirekodiwa: Stafford anaomba karatasi haraka, kuna kitu kinaelea hewani. Young akasema si chake. Cernan naye hadhani ni chake. Stafford akajitetea kwamba chake kilikuwa kinanata zaidi.

Shangazi: Nani basi?

Dada Mwana: Mpaka leo hakuna aliyekiri.

Kaka Twaha: Na walikuwa watatu tu mle ndani 😂