Naomba ushauri: safari ya kwanza ya familia kwa meli ya kitalii, mama nimchukulie chumba gani?

Baba Koku (mleta uzi)
Ndugu zangu, habari za jioni. Mwezi Agosti ninatarajia kusafiri na mke wangu, watoto wetu wawili na mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 70, ambaye ninaishi naye hapa Dar es Salaam. Tutaruka hadi Barcelona, kisha tutapanda meli ya kitalii itakayozunguka Bahari ya Mediterania kwa siku saba, ikipitia Marseille, Genova, Napoli, Palermo na Tunis. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulala melini. Je, mama nimchukulie chumba chenye roshani, au cha ndani kisicho na dirisha? Na zipo dawa za kichefuchefu cha bahari zinazomfaa mtu wa umri wake? Kianzio nimeshalipa, salio linatakiwa mwisho wa mwezi huu, nami silali vizuri.

Baharia Mstaafu
Nimehudumu kwenye meli hizo kwa miaka kumi na moja, idara ya vyumba. Chagua chumba cha sitaha za chini, karibu na katikati, kwa sababu meli huinuka na kushuka zaidi mbele kwenye omo na nyuma kwenye tezi, na kadiri unavyopanda juu ndivyo unavyouhisi mrama, yaani kuyumba kwake upande hadi upande. Nyingi zina mapezi ya chuma ubavuni, chini ya maji, yanayopunguza mrama huo, na Agosti bahari ile mara nyingi huwa shwari. Kuhusu dawa, amwone daktari wake kwanza, hasa kama anatumia dawa nyingine, kwani baadhi huleta usingizi mzito. Lakini chumba cha ndani kina giza hata saa sita mchana, na mtu mzima akiamka humo hajui alipo. Kwa nini unataka kumnyima dirisha?

Mama Nuru
Mimi ningeanza na viza. Mkifika Tunis mtakuwa mmetoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kurudi Barcelona ni kuingia upya, kwa hiyo kila mmoja wenu anahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Mwanangu mkubwa alipewa ya kuingia mara moja, nasi hatukuisoma stika hadi tulipofika bandarini. Alikataliwa kupanda. Nilibaki naye hotelini juma zima huku baba yake akiendelea na wadogo zake, na mpaka leo picha za safari ile hatuzitazami pamoja.

Mwana Kemondo
Mleta uzi, Baharia amekuuliza swali la msingi nawe umelipita. Kwa nini mama asiwe na dirisha?

Baba Koku
Ni ili asiyaone maji. Mjomba wangu, kaka yake wa pekee, alizama na meli ya MV Bukoba katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, karibu kabisa na Mwanza. Mama ndiye aliyemsindikiza hadi bandari ya Kemondo. Tangu siku hiyo hajapanda chombo chochote cha majini. Hata kwenda Mwanza kutoka kwetu Kagera tulikuwa tukizunguka kwa Kahama na Shinyanga ili asivuke kwa kivuko cha Busisi, hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 2025. Sijamwambia kwamba tunakwenda kwenye meli. Anajua tunakwenda kwenye hoteli kubwa kando ya bahari. Msinihukumu. Hofu imemla miaka mingi, na ninaamini akiingia akaona lifti, kumbi za chakula na wajukuu wanavyofurahi, atasahau kama yuko majini.

Mzee wa Igoma
Mwanangu, mimi nilipoteza shemeji katika meli hiyo hiyo, na kila tarehe 21 Mei nakwenda makaburi ya Igoma. Watu wengi hapa Mwanza hawakupata hata mwili wa kuzika. Mzazi hadanganywi kwa ajili ya furaha yake, kwa sababu furaha hiyo utakuwa umeichagua wewe.

Msomaji Makini
Samahani, sisadiki. Anayeomba viza ya Schengen kwa mara ya kwanza hufika mwenyewe kutoa alama za vidole, hutia saini fomu, na huambatanisha ratiba ya safari. Mama huyo alitia saini nini bila kujua? Naona kisa kimetungwa, na msiba wa watu wa Kagera na Mwanza si kitu cha kutungia visa.

Mwana Kemondo
Nami nimeanza kushuku. Tujibu.

Baba Koku
Sijatunga. Fomu ilikuwa kwa Kiingereza na Kihispania, naye anasoma Kiswahili na Kihaya tu. Niliijaza mimi, akatia saini nilipomwonyesha.

Mama Nuru
Basi heri ungekuwa umetunga.

Baharia Mstaafu
Nakuamini, na ndiyo maana ninaogopa. Meli ya kitalii ya Costa Concordia ilipopinduka tarehe 13 Januari 2012 na kuua watu 32, wapo abiria waliokuwa wamepanda saa chache tu kabla na hawajafanyiwa zoezi lolote la dharura. Sheria ilibadilishwa, na sasa zoezi hufanyika kabla ya meli kung'oa nanga au mara tu inapoondoka. King'ora hulia mara saba kwa ufupi na mara moja kwa urefu, na kila abiria huonyeshwa jinsi ya kuvaa jaketi la kuokolea maisha. Hakuna chumba kisichofikiwa na king'ora hicho. Mama yako ataujua ukweli kwa sauti ile, akiwa gizani, na nchi kavu imeshaachwa.

Baba Koku
Nimemwambia jana usiku. Alinyamaza muda mrefu, akauliza swali moja tu: meli hiyo huhesabu watu kabla ya kuondoka? Nilishindwa kumjibu.

Baharia Mstaafu
Mwambie ndiyo. Kila abiria ana kadi inayosomwa na mashine kila anapopanda na kushuka, na nahodha hupewa idadi kamili kabla kamba hazijafunguliwa.

Baba Koku
Nimemsomea jibu lako neno kwa neno. Ameomba hadi Ijumaa. Salio sijalipa, na kama atakubali, ameshasema anataka chumba chenye dirisha.