Tupeane uzoefu: Wapenzi wa mbio za magari Unguja na Pemba, mitandaoni tunaishi vipi?

KonaYaMwisho (Unguja)

Assalaam alaykum wanajamvi. Uzi huu ni wa watu wa mbio: Formula 1, rali, pikipiki, yeyote ambaye Jumapili jioni hatulii mpaka taa tano nyekundu za kuanzia mbio zizimike.

Visiwani sisi ni wachache. Mbio nyingi za Ulaya zinaanza saa kumi jioni kwa saa zetu, na wakati huo huo kuna mechi ya ligi ya Uingereza. Nenda kibanda chochote, Kwahani mpaka Bububu, uombe uwekewe magari. Utaambiwa ngoja mpira umalizike, na mpira ukimalizika mbio nazo zinakaribia kwisha. Kwa hivyo barza yetu imehamia kwenye simu. Humo ndimo tunamopata mtu wa kumuuliza kwa nini fulani kaingia piti (pale wanapobadilisha tairi) mapema, na humo ndimo ninamoumia. Grupu letu limepoteza watu wazuri, na si kwamba walichoka mbio. Walichoka matusi. Shabiki wa Man United akiudhiwa kibanda hiki anahamia cha pili, atawakuta wenziwe wamejaa. Kwetu mmoja akitoka, nafasi yake inabaki tupu.

Nianze na langu. 12 Disemba 2021, Abu Dhabi. Max Verstappen na Lewis Hamilton wameingia mbio za mwisho za msimu wakiwa na pointi sawa, 369.5 kila mmoja. Lewis anaongoza raha mustarehe. Imebaki mizunguko mitano, Nicholas Latifi wa Williams anagonga ukuta, gari la usalama linatoka na wote wanakwenda polepole nyuma yake. Lewis anabaki na tairi ngumu zilizokwisha, Max anaingia piti anavaa laini mpya. Kisha msimamizi wa mbio, Michael Masi, anaruhusu magari matano tu yaliyokuwa kati yao yapite, unabaki mzunguko mmoja, Max akampita Lewis na kuchukua ubingwa.

Mimi ni wa Lewis tangu 2007. Niliumia, na bado naamini sheria haikufuatwa siku ile. FIA wenyewe, shirikisho linalosimamia mbio, mwaka 2022 walisema kulikuwa na kosa la kibinadamu. Lakini grupuni hakuna aliyezungumza sheria. Ndani ya nusu saa mtu kaweka kiungo cha ukurasa wa Latifi na kuandika "twendeni wote". Na wakenda! Mmoja wao ni mtu mzima, anasomesha skuli, wanafunzi wanamwamkia kwa heshima. Alichokiandika kule siwezi kukirejea hapa. Kabla mwezi haujesha Latifi akaeleza hadharani kwamba alitishiwa kuuliwa, na baadaye akasema alipokuwa London ilibidi awe na walinzi. Kijana kagonga ukuta akigombea nafasi za nyuma, basi.

Naomba tufunguke. Umetukanwa? Umeona nini? Grupu likichafuka unafanya nini? Ndugu zetu wa Pemba msikae kimya. Nawasilisha.

FundiWaVespa (Mkunazini)

Mkuu, mimi la kwangu ni dogo lakini linaniudhi kila mwaka. Mbio za Australia na za Las Vegas ni asubuhi kwetu, na mimi asubuhi nipo kazini na mikono ina grisi. Nazirekodi, nazitizama usiku nyumbani. Nikifungua simu kumtafuta mteja tu, statasi ya kwanza: mshindi na picha ya jukwaani. Tumewaomba mpaka tumechoka. Jibu lao ni "usingefungua simu". Simu ndiyo ofisi yangu, bwana!

Mkorofi_77

Mnakuza mambo. Ushabiki bila kejeli una ladha gani? Simba na Yanga wanasemana kila siku na maisha yanaendelea. Dereva analipwa mamilioni, atastahamili.

BintiWete (Pemba)

Waalaykumu salaam kaka KonaYaMwisho. Nilikuwa nasoma tu, lakini nimeona bora niseme, maana mimi ni miongoni mwa hao waliotoka.

Mbio nimezirithi kwa baba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa fundi magari hapa Wete, na alitufundisha kusikiliza injini kabla hatujajua kusoma. Basi Julai 2024, mbio za Hungary, madereva wawili wa timu ya McLaren wapo wa kwanza na wa pili. Oscar Piastri anaongoza, Lando Norris nyuma yake. Timu ikamwita Lando piti kwanza, mizunguko miwili kabla ya Oscar, kwa sababu walikuwa wanamhofia Hamilton anayekuja nyuma. Aliyevaa tairi mpya mapema anakimbia kuliko aliyebaki na kuukuu, kwa hivyo Oscar alipotoka piti akamkuta Lando yupo mbele. Timu ikamwambia Lando arejeshe nafasi. Akakawia, akakawia, akairejesha imebaki mizunguko mitatu hivi, na Oscar akapata ushindi wake wa mwanzo.

Grupuni watu wanamwita Lando mwizi na Oscar mtoto wa kubebwa. Nikaandika maelezo hayo, kwa adabu, kama nilivyoyaandika hapa. Jibu la kwanza: "Nenda kapike." La pili likauliza mume wangu yupo wapi. Wa tatu akachukua picha yangu ya wasifu akaizungusha kwenye magrupu mengine. Usiku ule nikapata ujumbe wa faragha kutoka kwa watu nisiowajua, na hakuna hata mmoja aliyetaka kuzungumza habari za tairi.

Kilichonichoma zaidi kilikuja kesho yake. Mwanamme mmoja alichukua maneno yangu, akayaweka kwa jina lake, na watu wakamwambia "uchambuzi huo mkuu, tunajifunza". Nikatoka.

Sasa nina ukurasa mwengine, picha ni ya gari na jina halioneshi kama ni mwanamke au mwanamme. Naandika yale yale. Watu wananiita kaka na wananiuliza maswali kwa heshima. Heshima hiyo naipokea, lakini sikuridhika nayo, maana si mimi wanayemheshimu.

KonaYaMwisho

Dada BintiWete, pole sana. Nilikuwepo grupuni siku ile na nilisoma ulichoandika. Kilikuwa sahihi neno kwa neno.

BintiWete

Nashukuru. Haingekuwa vibaya kukisema siku ile.

MzeeWaRedio (Chake Chake)

Vijana wangu, namjibu huyu Mkorofi, lakini kwa upole, maana ni mwanangu.

Mimi mbio nimezijua kwa sikio. Safari Rally ilianza 1953, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na ilikuwa mambo ya Pasaka. Sisi huku kisiwani hatukuona hata vumbi lake. Tulikuwa na redio moja barzani na watu wamekaa mpaka usiku na kahawa yao. Kulikuwa na watu wa dereva Joginder Singh na watu wa dereva Shekhar Mehta, na mimi nilikuwa wa Mehta.

Mwaka 1973 Mehta na Msweden mmoja, Harry Källström, wote katika Datsun, walimaliza wakiwa na pointi sawa sawa. Ushindi akapewa Mehta kwa kutizama nani alikwenda mbali zaidi bila ya kukatwa pointi. Mwanangu, tulibishana mwaka mzima! Kuna mzee wa barza yetu, marehemu sasa, aliapa Källström kaonewa na hakuacha kusema mpaka Joginder alipochukua 1974 na tukapata la kubishania jengine. Kejeli zilikuwepo, tena kali. Nilitungiwa mpaka mashairi. Lakini hakuna aliyemtaja mama wa mtu. Mtu ukimvunjia heshima usiku, asubuhi unakutana naye sokoni, na jioni ndiye atakayekumiminia kahawa.

Kwa hivyo kejeli sikatazi. Nakwambia tu kwamba kumtishia mtu roho yake na kumtungia shairi ni vitu viwili.

Mkorofi_77

Shikamoo mzee. Hapo kwenye kutishia mtu nipo na wewe. Sikumaanisha hivyo.

MzeeWaRedio

Marahaba mwanangu.

MpitaNjia (Malindi)

Langu ni la Bahrain, 29 Novemba 2020. Saa za Bahrain ni sawa na zetu, mbio zikaanza jioni saa kumi na moja na dakika kumi. Tulikuwa dukani kwa rafiki yangu. Mzunguko wa kwanza, gari la Romain Grosjean wa Haas linapenya ukuta wa chuma, linakatika vipande viwili, moto mkubwa.

Televisheni ikaonesha moto mara moja, kisha haikurejea. Wakawa wanaonesha makanika wameshika vichwa. Wenye kuzijua mbio wanaelewa: wanaorusha matangazo hawarejei ajali mbaya mpaka wawe na hakika dereva yu hai. Sisi dukani tukanyamaza, kila mtu na dua yake.

Grupuni je? Hata dakika mbili hazikupita mtu kaandika "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun" na jina la dereva. Mwengine akatengeneza picha ya rambirambi. Kipande cha video ya moto kikaenda magrupu yote, mpaka binamu yangu Muscat akanipigia kunipa pole. Na wakati huo mtu katoka kwa miguu yake! Alikaa ndani ya moto sekunde 28, akaruka ukuta, mikono imeungua, yu hai. Kile chuma cha kinga kilicho juu ya kichwa cha dereva ndicho kilichomwokoa. Yeye mwenyewe zamani alikuwa hakitaki, na akalisema hilo akiwa kitandani hospitali.

Aliyeanza kuandika hakuomba radhi. Alisema "si alikuwa karibu kufa?" Fikirini mke na watoto wa Grosjean wangefungua simu wakasoma vile. Mwaka mmoja kabla, Spa 2019, Anthoine Hubert wa Formula 2 alifariki kweli, umri miaka 22. Ajali kama ile inapotokea, jamaa zake wana haki ya kuambiwa kabla yetu sisi.

Sheria yangu tangu siku ile: ajali isiporudiwa kwenye televisheni, sigusi simu. Naisema kila grupu ninaloingia, hata wakiniona mkali.

Kibuyuni (Mpemba aliyeko Mombasa)

Nami niongeze la picha za uongo, maana hizi zinatuchezea khasa. Mei 2025, timu ya Alpine wamemtoa dereva Jack Doohan na kumweka Franco Colapinto. Mbio zake za mwanzo akiwa Alpine, Imola, Colapinto anagonga kwenye kufuzu. Usiku ule ikazagaa skrinishoti ati baba wa Jack, Mick Doohan, bingwa wa zamani wa pikipiki, kamcheka Colapinto. Ilikuwa ya kutengenezwa. Ikabidi Jack mwenyewe aandike kwamba ni uongo na aombe familia yake iachwe. Wikiendi hiyo hiyo dereva mwengine, Yuki Tsunoda, naye alishambuliwa na mashabiki wa Colapinto kwa kupunga mkono kwenye mazoezi tu.

Ile skrinishoti niliipata kutoka grupu la Unguja, na watu walikuwa wanamlaani mzee wa watu kwa Kiswahili fasaha. Nilipopeleka kanusho la Jack, jibu lilikuwa kimya. Tusi lilikuwa limeshazunguka majumba yote, na kanusho halikuwa na wa kulibeba.

Na wakati mwengine moto unawashwa na wakubwa. Qatar, Novemba 2025, Kimi Antonelli, kijana wa miaka 19, aliteleza karibu na mwisho na Norris akampita. Watu wa Red Bull, timu ya Max, wakasema ati kamwachia. Akamiminiwa vitisho. Kesho yake Red Bull wakakiri maneno yale hayakuwa sahihi. Wiki moja mbele Norris akachukua ubingwa kwa pointi 2, na wapo mpaka leo wanaomdai Antonelli pointi hizo.

FundiWaVespa

Hilo la Antonelli hata mimi niliambiwa dukani na mteja, kama ni jambo la hakika. Nikamwonesha ile video alivyopambana na usukani gari likienda pembeni. Mtu aliyekusudia kuachia njia hahangaiki vile. Akakubali. Uso kwa uso watu wanakubali upesi.

KonaYaMwisho

Nimezungumza na admini mwenzangu usiku huu. Tumekubaliana na tumeanza kutekeleza: anayepeleka watu kwenye ukurasa wa dereva kutukana, anatolewa siku hiyo hiyo. Habari ya kifo haiandikwi mpaka timu au FIA watangaze. Matokeo hayawekwi kwenye statasi wala grupuni kabla ya saa tatu usiku, FundiWaVespa hiyo ni yako. Na yule aliyezungusha picha ya dada yetu ametolewa. Ilikuwa afanyiwe hivyo 2024.

BintiWete, tunakuomba urudi, kwa jina lako.

BintiWete

Nitarudi kwa sharti moja. Nikiandika kitu na mtu akanijibu "kapike", nisiwe mimi peke yangu wa kumjibu.

MpitaNjia

Nipo.

Mkorofi_77

Na mimi nipo dada. Halafu uniambie kwa nini Ferrari kila mara wanaita piti wakati mbaya.

BintiWete

Hilo linataka uzi wake.

KonaYaMwisho

Mzee wangu MzeeWaRedio, na wewe tukuunge?

MzeeWaRedio

Mjukuu yupo skuli, akirudi ataniwekea. Na mtu wa Källström yeyote aliyebaki humo ajitayarishe.