Naomba ushauri: nyavu za nyutrofili nitazitofautishaje na mabaki ya seli?

Habari wakuu. Naandaa mada kuhusu nyutrofili, zile seli nyeupe ambazo zikikabiliana na bakteria hulegeza DNA yao na kuitema nje kama wavu uliojaa histoni (protini ambazo DNA hujizungushia) na vimeng'enya. Watafiti wa Berlin walizieleza nyavu hizi mwaka 2004. Hapo sina shida.

Kinachonisumbua ni hadubini. Rangi ya DNA pekee inawasha kila uzi, hata wa seli iliyopasuka tu! Je, nitafute pia histoni zilizobadilishwa na kimeng'enya PAD4, pamoja na elastasi, kimeng'enya cha nyutrofili?

Halafu upande wa magonjwa: nianze na lupasi, ambako nyavu zisiposafishwa huchochea kingamwili dhidi ya DNA ya mwili wenyewe, au nianze na damu kuganda mishipani? Mimi naegemea lupasi. Waliowahi kuzipiga picha, nisaidieni.