Naomba ushauri: wakala wa ufadhili wa Marekani anamtaka mdogo wangu adanganye

Habari zenu ndugu. Mdogo wangu wa kike anakimbia mita 5,000 hapa Eldoret na amemaliza KCSE. Kuna wakala anayedai amemtafutia ufadhili wa masomo katika chuo kikuu kimoja Marekani. Tulifurahi sana, mpaka nilipousoma mkataba.

Wakala anataka asilimia 10 ya thamani ya ufadhili kila mwaka, na pasipoti ikae kwake. Pia amemwambia binti, kwenye fomu za NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani), asiseme kwamba alilipwa pesa za zawadi katika mbio za barabarani. Eti kocha wa kule anajua na hana neno. Ninavyoelewa, NCAA inaruhusu kumlipa mtu asambaze matokeo yako kwa vyuo, lakini si kwa malipo yanayotegemea wewe kupata ufadhili. Na fomu ile inauliza waziwazi kuhusu pesa za zawadi. Ukweli ukijitokeza baadaye, atakayezuiwa kukimbia ni binti. Wakala atakuwa ameshakula chake.

Nimemwomba wakala barua pepe ya kocha, ananizungusha tu. Hatujasaini chochote, ila anasema nafasi itaenda kwa mwingine.

Mliopitia njia hii, naomba mnijuze: tukiiandikia moja kwa moja ofisi ya chuo inayosimamia kanuni za michezo, binti anaweza kupoteza nafasi? Na zile pesa za zawadi, akizitaja mwenyewe mapema, huwa wanaamuaje?