Tupeane uzoefu: kumfungashia mtoto begi la kambi kwa mara ya kwanza

MamaK_Tabata: Wakuu, habari za mchana. Kijana wangu wa miaka tisa anaenda kambi ya likizo ya Juni kule Lushoto, wiki nzima. Hajawahi kulala nje, labda kwa bibi yake Mbagala. Karatasi ya kambi imeandika "nguo za kutosha". Za kutosha ndiyo ngapi? Mliopitia, semeni.

Jangwani_Kwetu: Lushoto mwezi wa sita usimpe vesti na kaptula kama anaenda ufukweni Coco. Kule ni milimani, mita 1,000 na ushee. Nenda Mchikichini, masweta mazito ya mtumba yamejaa. Soksi na kofia usisahau.

Kona_za_Soni: Ukishapita Mombo ni kona juu ya kona. Wangu alimtapikia mwenzake mapajani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2019, kwa hiyo mpe kopo lenye mfuniko.

BintiPwani: Jina kwenye kila kitu, hadi chupi. Lishonwe kwa uzi, kalamu inafutika. Wangu alirudi na ndala mbili, zote za kushoto.

Mzee_wa_Keko: Mpe simu ya kitochi aifiche ndani ya soksi.

Jangwani_Kwetu: Ili akulilie saa saba usiku? Utamfuata na nini, ungo?

Mzee_wa_Keko: Lea wako, niache na wangu.

Jangwani_Kwetu: Ndiyo maana watoto wa mayai hawaishi mjini hapa.

Mama_Tegeta: Mmenikumbusha mbali. Mwaka juzi binti yangu alienda kambi Bagamoyo. Begi nililipanga mwenyewe, chandarua, tochi, kila kitu. Saa nne usiku matroni anapiga: "Mama, tumekagua mabegi. La mwanao lina kifurushi cha majani yaliyosagwa, ya kijani. Mkuu anasema kukicha ni polisi." Miguu iliniisha nguvu. Tukamgongea jirani mwenye bajaji, Tegeta hadi Bagamoyo, upepo wote wetu, baba watoto haongei. Tunafika, watu wazima wamezunguka meza, kifurushi katikati, wanapokezana kunusa. Mlinzi akasema, "Bangi naijua mimi, hii siyo." Wote wakamgeukia yeye. Mtoto kuamshwa, anapikicha macho: "Bibi kanipa, nitie kwenye uji nisiugue." Mlonge! Mama mkwe aliupenyeza ndani ya foronya. Nikampigia usiku uleule, na hadi leo ananinunia, eti nilimwita muuza unga.

Kona_za_Soni: Hahaha, mlinzi apimwe!

BintiPwani: Bibi hana kosa, mlonge ni dawa.

Mzee_wa_Keko: Kama ni dawa mbona ameuficha kwenye mto?

BintiPwani: Si wewe unayeficha simu kwenye soksi?

Dokta_Majani: Mlonge safi, umekaushwa kivulini, napatikana Manzese. Naleta hadi mlangoni.

Nesi_Temeke: MamaK, dawa yoyote, hata panadoli, mkabidhi matroni mkononi, na karatasi yenye jina la mtoto na kipimo. Akiwa na pumu, pampu akae nayo mwenyewe, na matroni ajue. Nguo, hesabu siku zao uongeze mbili. Watalowana tu.

Mama_Tegeta: Na foronya uzigeuze nje ndani.

Kona_za_Soni: Dokta, robo kilo bei gani? Niko Sinza.