Uvimbe nyuma ya jicho la mama: unaweza kurudi baada ya miaka yote hii?

Binti wa Chamwino
Wakuu, habari za jioni. Mwaka 2009 mama alitolewa uvimbe nyuma ya jicho la kulia. Tuliambiwa ni shwanoma, uvimbe wa ganda la mshipa wa fahamu, na si saratani. Akarudi kwenye zabibu zake, tukasahau. Tangu mvua ziishe, kope za jicho lile zinagusa kioo cha miwani. Za kushoto hazigusi. Haumwi, ila akitazama juu anaona vitu viwiliviwili. Shangazi kashikilia twende kwa mganga. Kweli ni uleule? Nianzie wapi?

Muuguzi wa Macho
Pole dada, mpe mama shikamoo yangu. Ndiyo, unaweza kurudi. Shwanoma hukua polepole mno. Ukitolewa wote na kifuko chake, ni nadra kurudi. Lakini nyuma ya jicho ni pafinyu, na mshipa wa kuonea unapita hapohapo. Daktari akihofia kumpofusha mgonjwa, huacha kipande, nacho kinaweza kutulia hata miaka zaidi ya kumi kabla jicho halijaanza kutokeza tena.

Tafuta karatasi za upasuaji na majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe. Hayo majibu ni muhimu kuliko unavyodhani, kwani kuna uvimbe mwingine wa mishipa ya fahamu ulio mbaya zaidi. Anzeni kliniki ya macho Hospitali ya Mkoa, muombe rufaa ya MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili, pale Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma.

Leo hii mzibe jicho moja, atazame kitu chekundu, kisha jingine. Wekundu ukipauka upande wa kulia, mshipa wa kuonea huenda unabanwa. Msisubiri.

Mzee wa Mpwapwa
Binti, achaneni na mganga. Wangu ulikuwa juu ya nyusi, ukatolewa na mshipa wake. Mpaka leo nikipaka mafuta kwenye paji upande ule, ni kama nampaka mtu mwingine. Lakini naona vizuri, namshukuru Mungu.

Binti wa Chamwino
Asante baba, asante dada. Nimetumia kanga. Kwa jicho la kulia anasema nyekundu imechuja kama iliyoanikwa juani. Karatasi nimezipata kwa kaka. Tunakuja kesho asubuhi. Asile?

Muuguzi wa Macho
Ale, na dawa za presha kama anazo anywe. Watamtia matone ya kupanua mboni, hataona vizuri kwa saa kadhaa, kwa hiyo usimwache arudi peke yake. Ukifika mapokezi sema wazi: jicho linatokeza na rangi zinapauka.